Mikwiro ya Ngoma za Tenori

Mpigaji wa tenori katika bendi ya gwaride ya Kimarekani habebi ngoma moja. Mbele ya kifua chake, kwenye fremu iliyoangikwa mabegani, zimepangwa ngoma nne katika nusu duara, na katikati yake zimepachikwa moja au mbili ndogo. Zile nne kwa kawaida zina vipenyo vya inchi 10, 12, 13 na 14. Ndogo huwa za inchi 6, au moja ya 6 na nyingine ya 8. Zote zimewambwa upande wa juu tu. Chini ziko wazi, na mizinga yake imekatwa mshazari ili mdomo uelekee watazamaji. Mzigo mzima hupita kilo kumi, na aliyeubeba hutakiwa kwenda kwa hatua, kurudi kinyumenyume kwa kasi na kuhama kutoka ngoma hadi ngoma bila kutazama mikono yake.

Hapo ndipo mkwiro wa tenori unapotofautiana na mingine. Mkwiro wa besi hukutana na ngozi ya kipimo kimoja siku zote, na stiki za sneri vilevile. Wa tenori hutoka kwenye ngozi ya inchi 6 iliyokazwa sana, na kabla ya kufumba na kufumbua unatua kwenye ya inchi 14 yenye sauti nzito. Kote huko hutakiwa usikike kwa nguvu ileile. Hakuna mkwiro unaozitosheleza ngoma zote hizo sawasawa. Anayechagua huwa anaamua ngoma zipi zipewe haki yake kamili na zipi zivumilie.

Ngoma mbili tofauti hubeba jina hili la tenori, na mikwiro yake haibadilishani. Katika bendi za kijeshi za Kiingereza, tenori ni ngoma moja iliyowambwa pande zote mbili, isiyo na nyuzi za sneri, inayopigwa kwa mikwiro yenye vichwa vikubwa laini. Muundo wa bendi hizo uliletwa Afrika Mashariki na jeshi la kikoloni, King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, na alama zake bado zinaonekana katika bendi za majeshi na polisi za eneo hili. Katika bendi za zumari za mfuko, mikwiro ya tenori hufungwa kamba zinazozungushwa vidoleni ili mpigaji aichezeshe hewani bila kuidondosha. Ndivyo ilivyo Uskoti. Kwa kazi hiyo kichwa kikubwa chenye manyoya ya rangi kinafaa kabisa, maana kinaonekana kutoka mbali kama kinavyosikika. Kwenye seti ya Kimarekani kingekuwa kero: kinaifunika ngoma ya inchi 6 karibu nusu ya upana wake, na kamba zinanasa kwenye skrubu za kukazia. Sura hii inahusu seti hiyo, iliyoanza kuonekana katika vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, kwanza ngoma mbili au tatu, baadaye nne na zaidi. Mashindano ya Drum Corps International, ambayo ubingwa wake wa kwanza ulifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, yaliipa uwanja wa kukua, na mikwiro ikabadilika pamoja nayo.

Kichwa

Sauti huamuliwa zaidi na kichwa cha mkwiro. Mti, yaani mpini wake, huamua zaidi namna mkono unavyofanya kazi. Wanunuzi wengi huanza na mti kwa sababu ndio wanaoushika dukani, na wengi wao hurudi dukani kabla msimu haujafika katikati.

Kichwa kigumu hugusa ngozi kwa muda mfupi mno, kisha hurudi juu. Mguso ukiwa mfupi, mitetemo ya juu ya ngozi hupata nafasi ya kuamka, na sauti hutoka kali, yenye makali yanayokata kelele za tarumbeta. Kichwa laini hukaa juu ya ngozi kitambo kidogo zaidi, na kukaa huko huzima mitetemo hiyohiyo kabla haijaenea. Inabaki sauti ya chini, nene, yenye mwanzo usio wazi. Ngozi ya duara ina ugumu wake wa ziada. Mitetemo ya uzi wa gitaa hupanda kwa hesabu kamili, mara mbili, mara tatu, mara nne. Ya ngozi haipandi hivyo: ule wa chini kabisa ukihesabiwa 1, unaofuata uko karibu na 1.59, kisha 2.14, kisha 2.30. Ndiyo maana ngoma haiimbi noti safi kama uzi, na ndiyo maana mabadiliko madogo ya kichwa hubadilisha tabia ya sauti kuliko mtu anavyotarajia.

Mahali pa kupiga pana uzito uleule. Mpigaji wa tenori hapigi katikati ya ngozi. Hupiga inchi moja au mbili kutoka ukingoni, upande ulio karibu naye, kwa kuwa hapo ngozi hulia kwa muda mrefu na mikono husafiri njia fupi kutoka ngoma moja hadi nyingine. Katikati hutoka dundo fupi lisilo na mwangwi. Mkwiro unaojaribiwa dukani kwa kupigwa katikati ya ngoma, kama wanunuzi wanavyofanya karibu kila mara, hausemi lolote kuhusu utakavyosikika uwanjani.

Kichwa kinachotumika zaidi nje ni cha nailoni. Ni kisahani kinene chenye kingo zilizoviringishwa, kimepachikwa kwenye ncha ya mti, nacho hakigusi ngozi kwa uso wake bapa bali kwa ubavu. Hapa unene na upana wa kisahani ndivyo vya kuangalia. Kikiwa chembamba na chepesi, ngoma ndogo hung'aa na kila pigo la mfululizo wa haraka husikika peke yake, lakini ngoma ya inchi 14 hupwaya: msikilizaji husikia mgongano wa plastiki kwa plastiki kwanza, na ngoma baadaye. Kikiwa kinene na kizito, ya 14 hujaa na ya 6 huziba. Bendi ambayo muziki wake umeandikwa juu ya ngoma kubwa, kwa mapigo mapana ya kuunga mkono besi, itapata faida kwa kisahani kizito. Bendi yenye mwandishi anayependa kukimbizana kwenye ngoma za juu itajuta ikifanya hivyo. Kati ya hizo mbili kuna ukubwa wa wastani unaouzwa na karibu kila kampuni, na kwa wanaoanza huo ndio wa kuchukua, hata kama hauna lolote la kujivunia.

Felti ngumu hutoa sauti ya joto zaidi. Imekuwa maarufu katika maonyesho ya ndani ya ukumbi, ambako kuta na sakafu ya mbao hurudisha kila mlio na ukali wa nailoni huwachosha wasikilizaji ndani ya dakika moja. Kasoro yake kubwa ni maji. Felti iliyonyeshewa huwa nzito, na mpigaji hushangaa kwa nini mikono imechoka katikati ya wimbo anaoumudu kila siku. Kichwa cha mbao hukaa kati ya felti na nailoni kwa ukali, hutoa mgoto mkavu mzuri, na hupasuka mapema kuliko vyote. Vichwa vya manyoya au sufu vipo kwa ajili ya vipande vya polepole, pale tenori inapoombwa isikike kama timpani, na hakuna sababu ya kuvinunua kabla mwandishi wa muziki hajaviomba.

Kuna pia stiki tupu, za mbao pekee, zinazofanana na za sneri ila kwa kawaida huwa nyepesi zaidi. Ncha yake ndogo hugusa ngozi mahali padogo sana, kwa hiyo kila pigo hutoka safi, likiwa jembamba. Waalimu wengi huzipenda kwa mazoezi kwa sababu haziwezi kuficha kitu: mkono wa kushoto ukiwa dhaifu kuliko wa kulia, stiki husema wazi. Katika onyesho hutumika kwa vipande maalumu, hasa pale tenori na sneri zinapopiga mstari mmoja kwa pamoja.

Ngozi yenyewe nayo ina kauli. Miaka ya 1950 ngozi za plastiki ya poliesta zilianza kuchukua nafasi ya ngozi za ndama, na Remo Belli akaanzisha kampuni yake ya ngozi hizo mwaka 1957; tenori za gwaride huwambwa kwa utando wa plastiki unaopitisha mwanga. Utando wa tabaka moja hung'aa kwa sauti na huharibika upesi. Wa tabaka mbili ni mzito, huzima sehemu ya mitetemo ya juu, na huvumilia mapigo. Bendi yenye ngozi za tabaka mbili inaweza kutumia nailoni ngumu bila kuumiza masikio, wakati mkwiro huohuo kwenye tabaka moja utasikika kama bati. Kwa hiyo haifai kuagiza mikwiro kabla ya kujua ngozi gani zitawambwa msimu huo. Maduka hayaulizi swali hili, na wanunuzi hawalikumbuki.

Mti

Miti ya mikwiro hutengenezwa hasa kwa vitu vitatu: hikori, mepo na alumini.

Hikori ni mti mzito wa Amerika Kaskazini, uleule unaopendwa kwa mipini ya mashoka na nyundo kwa sababu hupokea kishindo bila kukipeleka chote mkononi. Huvunjika kwa kuchanika polepole badala ya kukatika ghafla, jambo lenye thamani kwa anayetembea mbele ya watu na hana nafasi ya kuinama kuokota kipande. Mepo ni mwepesi zaidi. Mkwiro wa mepo unaweza kuwa mnene, ukajaza kiganja vizuri, bila kuongeza uzito. Kwa vijana wenye mikono mikubwa na misuli ambayo bado haijazoea, hiyo ni nafuu ya kweli. Mepo hulika haraka pale mti unapogonga ukingo wa chuma.

Alumini ni hadithi nyingine. Ni bomba jembamba, lenye mshiko wa mpira au povu, na kwa kuwa mti wenyewe hauna uzito mkubwa, karibu uzito wote uko kichwani. Mkwiro wa aina hii huruka juu wenyewe baada ya kila pigo na hukatiza hewa kwa wepesi. Wapigaji wenye ufundi huupenda kwa kukimbia kutoka ngoma hadi ngoma, hasa katika lile pigo ambalo mkono mmoja hupiga mara mbili, moja kwenye ngoma hii na ya pili kwenye jirani yake, ukiutumia mdunduo wa pigo la kwanza kuvukia. Lakini wepesi huo hauwafai wanaoanza. Mkwiro unaorudi wenyewe humfanya mwanafunzi aamini kuwa mkono wake unafanya kazi ambayo kwa kweli inafanywa na bomba. Siku akipewa stiki za hikori, kasi yote hupotea. Alumini pia hupinda: kishindo kimoja kibaya kwenye ukingo, na bomba hupata kovu ambalo halinyooki tena na ambalo, baada ya muda, huwa ndipo linapokatika.

Mikwiro ya tenori ni mifupi kuliko stiki za sneri. Stiki ya sneri ya gwaride hukaribia inchi 17; mkwiro wa tenori huwa kati ya 13 na 15 hivi, na stiki tupu za tenori huwa ndefu kidogo. Ufupi huo una sababu. Muziki wa tenori umejaa mivuko, ambapo mkono mmoja hupita juu ya mwingine kufikia ngoma ya upande wa pili, na kila sentimita ya ziada ni nafasi ya mti mmoja kuugonga mwingine. Mpigaji mwenye mikono mirefu hatatui tatizo lolote kwa kuchukua mkwiro mrefu. Ngoma hazisogei mbali kwa sababu yeye ni mrefu.

Mizani ni suala la mahali uzito ulipo, si la kiasi chake. Mikwiro miwili yenye gramu sawa inaweza kujisikia tofauti kabisa: mmoja ukiwa umepunguzwa unene shingoni na kubeba kichwa kizito, mwingine ukiwa mnene tangu mwanzo hadi mwisho na kubeba kisahani kidogo. Wa kwanza hutoa sauti kubwa kwa juhudi ndogo lakini hugoma kusimamishwa. Wa pili hutii mkono na hudai nguvu zaidi. Njia rahisi ya kuujua ni kuulaza mkwiro juu ya kidole kimoja mpaka utulie, kisha kuangalia kidole kiko umbali gani kutoka kichwani.

Kampuni kubwa huuza mikwiro yenye majina ya waalimu mashuhuri wa vikosi vya ngoma. Mikwiro hiyo mingi ni mizuri, na iliundwa kwa uangalifu kwa ajili ya kikosi fulani, chenye ngoma za aina fulani, mkazo fulani wa ngozi na mtindo fulani wa kushika. Bendi ya shule yenye ngoma za miaka kumi na tano iliyopita haina lolote kati ya hayo. Kununua kwa kufuata jina ni sawa na kununua viatu vya mchezaji maarufu bila kuuliza namba ya mguu wake.

Uwanjani na ukumbini

Masikio ya mpigaji ndiyo yaliyo mahali pabaya zaidi pa kuhukumu mkwiro. Yeye yuko nusu mita kutoka ngozini na husikia mgongano wa kichwa kuliko ngoma. Waamuzi na watazamaji wa uwanja wa mpira wa Marekani hukaa mbali na juu, na umbali huo huzichanganya sauti zisizo na mwanzo ulio wazi na zinazofuata. Mkwiro unaosikika mkali mno kwa aliyeshika mara nyingi ndio unaosikika sawa kwenye ngazi za juu za jukwaa. Kinyume chake hutokea ukumbini. Kwa hiyo jaribio lenye maana ni moja: mtu mmoja apige mstari uleule kwa mikwiro tofauti, na anayeamua asimame pale hadhira itakapokuwa, akiwa ameupa uwanja mgongo asione ni mkwiro upi unaopigwa. Macho hudanganya masikio, hasa yakiona chapa inayoheshimiwa.

Safu nzima ya tenori hutumia mkwiro wa aina moja. Wapigaji wanne wenye vichwa vinne tofauti hawawezi kusikika kama mmoja, hata mikono yao ikienda pamoja kama saa. Ni kanuni isiyo na huruma kwa mwenye mkono wa kipekee, na waalimu wazuri huijadili na wapigaji wao kabla ya kuagiza badala ya kuwatangazia baadaye.

Pale wimbo mmoja unapodai sauti mbili, mikwiro ya ziada hubebwa kwenye mfuko mdogo uliofungwa kwenye seti yenyewe. Kubadilisha huchukua mapigo kadhaa ya kimya, na mwandishi asiyeacha kimya hicho huwalazimisha wapigaji wake kuacha noti. Mkwiro wa vichwa viwili, nailoni upande mmoja na felti upande wa pili, hupunguza tatizo: mpigaji huugeuza tu. Gharama yake ni mizani, kwa kuwa kichwa kilichoko nyuma ya mkono huvuta uzito kurudi nyuma, na mpigaji huusikia uzito huo katika kila mfululizo wa haraka.

Kukagua na kutunza

Mikwiro ya mbao haifanani hata ikitoka kwenye boksi moja. Vic Firth, mpigaji wa timpani wa Boston Symphony Orchestra aliyeanzisha kampuni ya stiki mwaka 1963 kwa kutoridhika na zilizokuwa sokoni, ndiye aliyeifanya desturi ya kulinganisha jozi kwa uzito na kwa mlio wa mti ijulikane sana. Mnunuzi anaweza kurudia ukaguzi huo bila mashine. Mti hulazwa juu ya meza bapa au kioo na kusukumwa ubingirike, kichwa kikiwa kinaning'inia nje ya ukingo wa meza; ukirukaruka, umepinda. Nyuzi za mti hufuatwa kwa jicho kutoka mshikoni hadi shingoni: zikikatiza kwa mshazari na kutoka ubavuni, hapo ndipo mkwiro utakapovunjika. Kila mmoja hugongwa taratibu karibu na sikio, na jozi ambayo mlio wake unapishana waziwazi hurudishwa. Mwisho, kichwa hutikiswa kwa vidole. Kisahani kinachocheza hata kidogo kikiwa kipya hakitamaliza mwezi.

Mahali pa kwanza kuchoka ni sentimita chache chini ya kichwa, pale mti unapogonga ukingo wa chuma. Baada ya wiki kadhaa huonekana pete ya makovu, mbao zimechimbika na nyuzi zimeanza kusimama. Mizunguko miwili mitatu ya mkanda wa umeme hapo, kabla ya kovu la kwanza, huongeza maisha ya mkwiro sana. Mkanda ukizidi hubadilisha mizani, na wapigaji wote lazima wafunge idadi moja ya mizunguko. Bendi nyingi hutumia mkanda mweupe, ili miti ionekane ya rangi moja kutoka mbali.

Kisahani cha nailoni hulika upande mmoja, kwa sababu mkono wenye mazoea huushika mkwiro vilevile kila siku. Ukikitazama kwa karibu utaona doa bapa ubavuni, na pembeni mwa doa hilo vinyuzi vyembamba vya plastiki vilivyoinuka, vikali vya kutosha kuikwaruza ngozi. Msasa laini huviondoa kwa dakika moja, na kuugeuza mkwiro robo mzunguko kila wiki hulisambaza doa. Felti hupigwa brashi na kukaushwa kivulini, isianikwe juani. Bomba la alumini lililobonyea hutupwa, hata likiwa bado linapiga.

Mkwiro mmoja wa jozi ukifa, wa pili hauoanishwi na mpya, kwa kuwa umekwisha kupoteza sehemu ya uzito wake. Huwekwa kando kwa mazoezi ya kupiga kwenye pedi, na jozi nzima mpya hufunguliwa kwa ajili ya ngoma.